Redio na Spika za Gari Dogo la Zamani
Tunawasihi msihadaike na maandishi ya "wati 50 mara 4" juu ya boksi la redio. Hicho ni kilele cha kufumba na kufumbua. Kwa mfululizo, redio ya kawaida hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika. Basi spika za wati 300, zinazosifiwa mno madukani, hazitaongeza sauti katika Starlet yenu kwa ukubwa wa tarakimu hiyo. Ulizeni desibeli zake kwa wati 1: spika ya desibeli 91 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ya 88. Fundi asiunganishe spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja. Mzigo hushuka hadi omu 2, na redio isiyoundwa kuuhimili huweza kuungua. Stakabadhi daini kabla hajakata waya.