Kwanza Mdomo, Kisha Picha

Kuna mgonjwa anayefika kwa daktari wa meno na kusema kabla hajaketi, "Dokta, nipige picha." Wapo pia madaktari wanaompeleka kila mgeni chumba cha eksirei bila hata kumfungua mdomo. Mimi naona wote wawili wameanzia mwisho. Daktari makini huuliza, humulika, hugonga jino, hupima ufizi, ndipo ajue anatafuta nini.

Chukua magego yanayoonekana mazima na hayaumi. Pale gego linapobanana na mwenzake, kioo cha daktari hakipenyi. Hapo hutumika picha ya kung'ata: unawekewa kifaa kidogo mdomoni, unakiuma, na vichwa vya magego ya juu na ya chini hutokea pamoja. Jino lililoanza kuoza limepoteza madini, kwa hiyo mionzi hupita kirahisi na pale hubaki kidoa cheusi. Picha hiyohiyo huonyesha kama mfupa unaoshika meno umeanza kushuka.

Irudiwe lini? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 ulisema miezi 6 hadi 18 kwa mtu mzima mwenye meno yaliyotoboka au aliye hatarini, na miezi 24 hadi 36 kwa asiye na dalili wala hatari. Mnywaji wa soda kutwa nzima, au mtu ambaye dawa anazotumia zimemkausha mate, asitarajie ratiba ya jirani yake.

Jino likiuma linapogongwa, au ufizi ukitunga usaha, inatakiwa picha ndogo inayofika hadi ncha ya mzizi. Ile mashine inayokuzunguka kichwa hupiga taya zote. Inafaa kwa gego la mwisho lililolala, au taya iliyovunjika kwenye ajali ya bodaboda. Watu huipenda kwa ukubwa wake, lakini kitobo kichanga huipita.

Na mionzi? Picha 4 za kung'ata kwa kawaida hulingana na mionzi ya asili tunayoipata kwa siku chache tu. Mjamzito amweleze daktari hali yake; picha ya lazima hanyimwi.

Ukihama kliniki, omba picha zako za zamani. Kidoa ambacho hakijakua kwa miaka miwili huenda kikaachwa bila kuchimbwa, na daktari mpya hawezi kulijua hilo kwa picha ya leo peke yake.