Mfuko Mwepesi, Mzigo Mzito

Mazungumzo yahusuyo nchi jirani aghalabu huwa ni ya ziara za viongozi, ya mikataba ya biashara na ya usalama wa mipaka. Leo nataka tuzungumzie kitu kidogo mno, chepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo. Kitu hicho ni mfuko wa plastiki, ule ambao wengi wetu tuliuzoea kwa jina la rambo. Nawalenga hasa ninyi, maofisa na askari wa majeshi yetu ya ulinzi na usalama, mlioko makambini, vituoni na mipakani. Katika nchi kadhaa zinazotuzunguka, mfuko huo umetangazwa kuwa adui, na askari ni miongoni mwa waliokabidhiwa kazi ya kuuzuia.

Tuanze na Rwanda. Mwaka 2008 nchi hiyo ilitunga sheria ya kupiga marufuku utengenezaji, uingizaji, uuzaji na matumizi ya mifuko ya plastiki. Msafiri anayeingia nchini humo akiwa nayo hutakiwa kuisalimisha. Wageni wengi hudhani kwamba usafi wa Kigali umetokana na ukaguzi huo peke yake. La hasha! Rwanda ina desturi iitwayo umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, wananchi wenye umri wa kati ya miaka 18 na 65 hutoka kufanya kazi ya pamoja. Huzibua mitaro, hufyeka nyasi, hupanda miti na kutengeneza njia, kisha hukaa kitako kuzungumzia mambo ya mtaa wao. Mtu aliyeinama Jumamosi kuopoa uchafu mtaroni kwa mikono yake mwenyewe hatarajiwi kutupa mfuko katika mtaro uo huo siku ya Jumatatu. Hapo sheria imepata mlinzi asiyelipwa mshahara wala asiyekwenda likizo, naye ni mazoea ya mwananchi mwenyewe.

Jirani yetu Kenya alianza kutekeleza marufuku yake tarehe 28 Agosti, 2017, tena kwa adhabu kali: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 za Kenya, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne. Lakini ukali huo ulikabiliwa na jambo ambalo ninyi walinzi wa mipaka mnalijua vyema. Wakati ule Tanzania Bara ilikuwa bado haijapiga marufuku mifuko hiyo. Kwa hiyo mifuko iliyokatazwa upande mmoja wa mpaka ilikuwa halali upande wa pili, ikawa inapenyezwa kwa njia za panya. Sheria ya jirani ilikuwa ikivuja, na mojawapo ya matundu yake lilikuwa kwetu.

Uganda nayo ilipitisha sheria dhidi ya mifuko myepesi, ambayo wenyewe huiita kaveera, tangu mwaka 2009. Hata hivyo, utekelezaji wake umekuwa ukianza na kusimama, huku wenye viwanda na wafanyabiashara wakivutana na wasimamizi wa mazingira, na kaveera imeendelea kuonekana sokoni. Hatusemi hayo kwa kumcheka ndugu yetu. Tunayasema kwa kuwa yanathibitisha kwamba sheria kuandikwa ni jambo moja, na sheria kukaa katika maisha ya watu ni jambo jingine.

Kwetu sisi, Zanzibar ilitangulia kwa kupiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni, 2019. Kwa kanuni za mwaka huo, hata mtu anayekutwa akitumia mfuko huo anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000, wakati adhabu ya mtengenezaji inaanzia mamilioni. Siku zile vikapu vya ukili vilirudi mikononi mwa watu. Lakini leo, ukipita sokoni, utaona vifungashio vyepesi vilivyokusudiwa kufungia bidhaa vikitumiwa kubebea nyanya, dagaa na mkate. Rambo imebadili sare tu, lakini ndiye adui yule yule.

Huenda mtu akauliza: Je, kwa nini vyombo vya dola vihangaike na kipande cha plastiki? Jibu liko mitaroni. Mfuko unaotumika dakika chache kutoka dukani hadi nyumbani hudumu ardhini miaka mingi mno bila kuoza. Ukiziba mtaro, mvua huleta mafuriko, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Ng'ombe akiumeza, hauwezi kusagika tumboni mwake. Ukifika baharini, kasa huudhani kuwa chakula. Na ukiuchoma moto nyuma ya bweni, moshi wake ni sumu kwa mapafu ya walio karibu.

Tena, taka hazina pasi ya kusafiria. Mto Kagera hukusanya maji ya Rwanda na Burundi, hupita Rusumo kwenye mpaka wetu, kisha huyamwaga katika Ziwa Victoria ambalo tunalimiliki pamoja na Uganda na Kenya. Magugu maji yaliyolisumbua ziwa hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yanaelezwa na wataalamu kuwa yaliteremka kwa njia ya mto huo. Ikiwa jani liliweza kusafiri hivyo na kuwatesa wavuvi wa nchi tatu, mfuko usiooza utashindwaje? Askari aliye zamu darajani anaweza kulisimamisha lori, lakini hawezi kuusimamisha mto.

Ndiyo maana kazi kubwa imo katika mambo madogo ya kila siku. Askari aendapo dukani au sokoni, na achukue kikapu. Anayeuziwa kitu katika mfuko uliokatazwa, na aukatae kwa upole na kueleza sababu. Kila bweni na kila mtaa wa nyumba za askari unaweza kuwa na pipa la plastiki mbali na pipa la mabaki ya chakula. Mabaki hayo yakafukiwa shimoni yakawa mbolea ya bustani, na chupa tupu zikakusanywa kwa ajili ya wanunuzi wa chakavu. Mitaro ya kambi izibuliwe kabla ya masika, si baada ya maji kuingia ndani. Tarehe 9 Desemba, 2015, Watanzania waliitumia Sikukuu ya Uhuru kwa kufanya usafi badala ya gwaride. Ari ile haihitaji kungoja sikukuu.

Liko jambo la pili, nalo linahitaji busara. Askari anayetekeleza kanuni hii hukutana kwanza na mama muuza mchicha au kijana muuza karanga. Hao ndio walio karibu, na ndio wasio na mtetezi. Lakini mfuko haukuzaliwa katika meza ya karanga. Umetoka katika ghala, na ghala limeupata kiwandani au mpakani. Utekelezaji unaomkimbiza mama wa mchicha na kulipita ghala utafanya wananchi waione sheria kuwa ni mtego wa wanyonge. Kibaya zaidi, askari akiufanya mfuko huo kuwa kisingizio cha kujipatia chochote, atakuwa ameuza heshima ya sare yake kwa bei ya rambo. Muuzaji mdogo aelimishwe na aonywe. Msako uelekezwe kwenye chanzo.

Raia huyasoma matendo ya askari kabla ya kusoma gazeti la serikali. Akimwona mwenye sare akitoka dukani na mfuko uliokatazwa, atajua kwamba katazo lile ni maneno matupu. Akimwona na kikapu, atalielewa bila kuhutubiwa.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mfuko mmoja mmoja ndio uliojaza mitaro yetu, na kikapu kimoja kimoja ndicho kitakachoifungua. Majirani zetu wametuonyesha faida ya sheria na pia mipaka yake. Kilichobaki kiko mikononi mwetu, na mikononi mwenu ninyi zaidi, maana mmebeba dhamana ya kulinda sheria na ya kuwa mfano wake.