Jina Sahihi kwa Ua Sahihi: Utambuzi na Uwekaji Lebo wa Airisi za Kale za Bustani



Utangulizi

Mada hii inahusu airisi zenye ndevu, yaani vinyweleo kwenye petali za chini, maua yaliyopamba bustani za Ulaya na Marekani kwa vizazi vingi. Historic Iris Preservation Society, chama kilichoundwa Marekani mwaka 1988, huihesabu airisi kuwa ya kale ikitimiza miaka 30 tangu ilipotolewa kwa wakulima. Hoja yangu ni moja: airisi isiyo na jina bado inaweza kutambuliwa, lakini iliyopewa jina la kukisia hupoteza lake na kuliharibu la mwenzake.

Kwa nini majina hupotea

Airisi huzalishwa kwa kugawa rizomu, yaani shina nene linalotambaa ardhini. Kila kipande huota kuwa mmea uleule wa mwanzo. Ndiyo maana 'Mme. Chéreau', iliyotolewa na Mfaransa Lémon mwaka 1844, ingali hai hadi leo. Mbegu ni jambo jingine, kwani huzaa watoto wasiofanana na mama. Matunda yakiachwa yakauke na kupasuka, miche huota katikati ya fungu, na lebo hubaki ikimtaja asiyekuwepo. Ongeza hapo wino unaofifia, plastiki inayokatika kwa jua, na majirani wanaogawiana vipande bila maandishi yoyote.

Dalili za kutazama

Rangi ndiyo huvuta macho, nayo ndiyo shahidi dhaifu. Hubadilika kwa joto na kwa umri wa ua, na zambarau ya airisi huidanganya kamera. 'Mme. Chéreau' ni nyeupe yenye ukingo wa vistari vya zambarau, lakini maelezo hayo yanazifaa pia aina nyingine za zamani.

Kwa hiyo tupime urefu wa bua, tuhesabu matawi na matumba, na tuandike rangi ya ndevu kuanzia ncha hadi ndani kabisa ya ua. Tuandike pia harufu, wiki ya kuchanua, na kama vitako vya majani vina zambarau. Tusiisahau ngozi inayofunika tumba: kwa spishi iitwayo Iris pallida huwa kavu na nyeupe kama karatasi hata kabla ua halijafunguka.

Historia ya bustani nayo hupunguza kazi. Fungu linalojulikana kuwa lilipandwa mwaka 1935 haliwezi kuwa aina iliyotolewa mwaka 1950. American Iris Society, iliyoanzishwa mwaka 1920, husajili majina na maelezo ya aina mpya, na orodha yake ya 1939 ni msaada mkubwa kwa aina za kabla ya hapo. Hata hivyo, ushahidi wenye uzito ni kupanda mmea wetu kando ya ule uliothibitishwa na kuilinganisha kwa misimu kadhaa.

Mfano wa Benton End

Mchoraji Cedric Morris alizalisha airisi nyumbani kwake Benton End, Suffolk, Uingereza, na nyingi akazipa majina yanayoanza na 'Benton'. Alifariki mwaka 1982, na mimea yake ikawa imetawanyika. Sarah Cook, aliyewahi kuwa mkuu wa watunza bustani wa bustani ya Sissinghurst, aliitafuta na kuikusanya upya, na mwaka 2015 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea. Bila maelezo na majina yaliyotunzwa, msako kama huo hauna pa kuanzia.

Mapendekezo

1. Lebo iwe ya alumini, iliyoandikwa kwa kukwaruza au kwa penseli, na nyingine kama hiyo ifukiwe kando ya rizomu.
2. Ramani ya bustani ichorwe na kuhifadhiwa ndani ya nyumba, kwa kuwa lebo hung'olewa.
3. Maua yaliyonyauka yakatwe kabla hayajatoa mbegu.
4. Kila lebo itaje kiwango cha uhakika: "imethibitishwa", "inafanana na", au "haijulikani", pamoja na mahali mmea ulikotoka na mwaka uliopokelewa.

Hitimisho

Pendekezo la nne ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kuandika "haijulikani" si aibu ya mtunza bustani. Ni uaminifu kwa aliyelizalisha ua hilo na kwa atakayelitafuta baadaye. Naomba washiriki tukubaliane kwamba kuanzia msimu huu hakuna kipande kitakachotoka mikononi mwetu bila maelezo hayo.