Tarehe Mbili Katika Hesabu Moja

(Hotuba ya Mweka Hazina kwa wanachama na viongozi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Nimepewa robo saa katika siku kubwa kama ya leo, nami nimeombwa nisiseme habari za bei ya pamba, kwa kuwa wako watakaozisema vizuri kuliko mimi. Basi nitasema juu ya jambo dogo lililomo katika karatasi ile tuletewayo na benki kila mwisho wa mwezi, yaani taarifa ya hesabu. Najua kwamba jina la benki huwafanya wengine watazame saa zao. Nawasihi mnivumilie, maana jambo hili liliwahi kumwondoa mtu katika kazi yake, na mmoja wa waliomwondoa ni mimi.

Wakati huo sikuwa na cheo chochote. Nilikuwa mkulima wa kawaida katika chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Siku ya Ijumaa hundi ya mnunuzi wa pamba yetu ilipelekwa benki, na Jumamosi katibu wetu akatuonyesha taarifa. Tuliojua kusoma tuliwasomea wasiojua: fedha zimo. Jumatatu akaenda kuzichukua ili tulipwe, akarudi na mkoba mtupu. Alisema ameambiwa kwamba fedha hizo hazijakomaa. Mzee mmoja akauliza, "Tangu lini fedha zikakomaa kama ndizi?" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Jioni ile ile tuliitisha mkutano, tukamvua ukatibu, nami niliunyosha mkono wangu pamoja na wengine. Jumanne asubuhi fedha zilikuwa tayari, zote, bila kupungua hata senti. Yule bwana hakukubali tena kuitumikia kazi ile, wala simlaumu.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Katika taarifa nyingi mtaona safu mbili za tarehe zimepangwa sambamba. Ya kwanza nitaiita tarehe ya kuandikwa: ni siku ambayo karani wa benki, au siku hizi mashine yake, ameliandika jambo katika daftari. Ya pili nitaiita tarehe ya thamani: ni siku ambayo benki yaanza kuzihesabu fedha hizo kuwa zako, au yaacha kuzihesabu kuwa zako, katika kupiga riba. Fedha taslimu zaweza kuwa na tarehe moja katika safu zote mbili. Hundi ya benki nyingine mara nyingi huwa na tarehe mbili, na kati yake hupita siku moja, mbili, au zaidi ikiwa Jumamosi na Jumapili zimeingia katikati. Kuhusu ruhusa ya kuzitoa fedha hizo, kwa kawaida huifuata tarehe ya pili, lakini si lazima. Hilo ni jambo la kuiuliza benki yako.

Sababu ya asili ya mambo haya haikuwa hila. Hundi si fedha, ni barua ya kuamuru fedha zitolewe. Zamani barua hiyo ilisafiri kwa posta au kwa gari moshi mpaka benki iliyoandikiwa, nayo benki hiyo ilitazama kama mwenye hundi anazo fedha, ndipo ikalipa. Benki yako iliiandika hundi siku ulipoileta, lakini yenyewe ilikuwa haijapokea kitu. Na wenzangu makatibu mwajua kwamba hundi yaweza kurudishwa, kisha fedha zilizoandikwa kwa furaha Ijumaa zikafutwa kwa huzuni Jumatano.

Ugumu mkubwa ni huu, nao ndio ulionipotezea usiku mwingi nilipoanza kazi ya uweka hazina. Baki mnayoiona katika safu ya mwisho ya taarifa kwa kawaida hupigwa kwa kufuata tarehe ya kuandikwa. Lakini riba hupigwa kwa kufuata tarehe ya thamani. Kwa hiyo chama chaweza kuisoma taarifa yake yote, mstari kwa mstari, kisione hata siku moja ambayo hesabu ilipungua chini ya sifuri, na hata hivyo kikatozwa riba ya kuchukua fedha kupita akiba.

Nitatoa mfano wa kubuni. Tuseme hesabu ya chama haina kitu, na benki imekiruhusu kuchukua kupita akiba kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Ijumaa chama chaweka hundi ya shilingi 7,300,000, na siku hiyo hiyo chatoa fedha taslimu kiasi hicho hicho kuwalipa wakulima. Katika safu ya baki mwaona sifuri, na moyo watulia. Lakini fedha zilizotolewa zina thamani ya Ijumaa, na hundi ina thamani ya Jumanne. Kwa siku 4 chama kimekopa 7,300,000. Riba ya mwaka mzima ingekuwa 1,314,000. Igawanyeni kwa siku 365, mtapata 3,600 kwa siku, yaani 14,400 kwa siku hizo 4. Jambo hili likirudiwa kila juma kwa majuma 12 ya msimu, ni shilingi 172,800. Huo si utajiri, lakini ni fedha ambazo hakuna mwanachama aliyezipigia kura. Na hicho ni chama kimoja.

Baadhi yenu mmewasikia wazee wakieleza jinsi ushirika ulivyoanza katika nchi hii ya pamba upande wa Ziwa. Miaka ya 1950, wakati marehemu Paul Bomani na wenzake walipokuwa wakiwakusanya wakulima, mpaka likapatikana shirikisho kubwa la mwaka 1955, moja ya manung'uniko makubwa lilikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta pamba, mwingine akasoma uzito, na mkulima akakubali asichoweza kukisoma. Wazee wetu walijifunza kusimama mbele ya mizani. Sisi tumeirithi mizani iliyo safi, lakini mizani nyingine imehamia katika karatasi, na wengi wetu twaisoma upande mmoja tu.

Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliosumbuka. Katika nchi za Ulaya benki zilikuwa na desturi ya kuziahirisha hata fedha taslimu, noti zilizohesabiwa mezani mbele ya karani. Wateja wakaenda mahakamani. Mwaka 1989 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliikataa desturi hiyo, na mwaka 1993 mahakama ya juu ya Ufaransa ikasema kwamba kuahirisha thamani ya fedha taslimu hakuna sababu. Angalieni kwamba kesi hizo hazikuvunja tarehe ya thamani katika hundi. Hundi husafiri, noti haisafiri. Mimi naiona tofauti hiyo kuwa ya haki, na ndiyo ambayo ningependa tuidai hapa kwetu.

Katika Tanzania njia imefupishwa sana. Tangu mwaka 2004 Benki Kuu ina mfumo uitwao TISS, ambao huhamisha fedha kati ya benki na benki siku ile ile, moja kwa moja, bila kungojea. Mnunuzi akilipa kwa njia hiyo, hakuna hundi ya kungojea. Kwa hiyo nimeomba, na Halmashauri imekubali, kwamba katika mikataba ya msimu ujao tuwatake wanunuzi walipe kwa njia hiyo na si kwa hundi. Kadhalika nimeiandikia benki yetu itupe kwa maandishi kanuni zake za tarehe ya thamani kwa kila aina ya malipo. Jibu halijafika.

Kwenu makatibu nina ombi moja. Katika daftari la fedha pigeni mstari mmoja zaidi, mwandike tarehe ya thamani kando ya kila hundi mnayoiweka, na siku ya kuwalipa wakulima msiitangaze mpaka mmeutazama mstari huo. Nanyi wanachama, katibu akiwaambia fedha zimeandikwa lakini thamani yake ni Jumanne, mwambieni awaonyeshe mahali palipoandikwa hivyo. Pasipoandikwa, mna haki ya kukasirika.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nimekuja na taarifa za benki za msimu uliopita, nazo zipo juu ya meza ile ya nyuma, karibu na mlango. Baada ya chakula nitakaa pale na kalamu nyekundu, na katibu yeyote apendaye alete ya chama chake tuisome pamoja.