Mkono Mwepesi na Jina la Mgonjwa



Mhadhara huu umechokozwa na kauli inayorudi kila msimu wa mitihani ya vitendo: kwamba mchukua damu hodari ni mwenye mkono mwepesi, anayeupata mshipa kwa mchomo mmoja, na mengine yote ni makaratasi. Wanaoisema si watu wa kubezwa. Baadhi yao walinifundisha.

Habari za glavu, za kutorudishia sindano kifuniko, za kisanduku cha usalama kuwekwa mkono unapofika na kufungwa kikijaa robo tatu, sitawachosha nazo. Hayo tumeshakubaliana, angalau mdomoni.

Mchomo mmoja una thamani yake. Kila mchomo wa ziada ni maumivu kwa mgonjwa na nafasi nyingine ya mfanyakazi kujichoma. Anayepekuapekua na sindano ndani ya mkono huvunja chembe nyekundu, potasiamu ikavuja, majibu yakapotoka. Lakini makosa ya aina hiyo hujitangaza yenyewe. Damu iliyovunjika ikizungushwa kwenye mashine, majimaji yake huwa mekundu. Fundi wa maabara anaiona na kuikataa. Damu ya tyubu ya zambarau ikimiminiwa kwenye tyubu nyekundu, chumvi ya EDTA iliyomo hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu kiasi cha kumshtua hata aliyeanza kazi jana.

Sasa chukueni damu safi, iliyotoka kwa mchomo mmoja, imejaa hadi kwenye alama, ila ina jina la mtu mwingine. Kama hakuna majibu ya zamani ya kulinganisha, maabara itaigunduaje? Mashine itatoa majibu sahihi kabisa, ya mgonjwa asiye huyo. Kama kipimo ni cha kundi la damu, mtu wa kundi O anaweza kutundikiwa chupa ya kundi A, na tangu Karl Landsteiner ayaeleze makundi hayo mwaka 1901 tunajua kwa nini mtu huyo anaweza kufa. Hapo mkono mwepesi umemsaidia nani?

Ndiyo maana naupenda mno mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu uchukuaji wa damu. Kabla ya kutafuta mshipa, kabla ya spiriti ya asilimia 70 kupakwa kwa sekunde 30 na kuachwa ikauke sekunde nyingine 30, mgonjwa anaombwa ataje jina lake kamili. Alitaje yeye. Kisha anaulizwa kama amewahi kuzimia alipochukuliwa damu. Ukurasa huo ningeubandika kwenye kila trei.

Kwetu tumezoea kuuliza, “Wewe ndiye Fatuma Juma?” Swali hilo ni mtego. Mgonjwa mwenye homa, au bibi asiyesikia vizuri, ataitikia “ndiyo, mwanangu” kwa adabu tu. Katika wodi moja ambayo sitaitaja nilisikia mtu akiita “Mama Asha!” Wakaitika wawili, wakanyoosha mikono wote wawili. Aliyekuwa karibu ndiye aliyefungwa mpira.

Naambiwa ni utovu wa heshima kumwuliza mzee jina. Semeni: “Shikamoo, mzee. Naomba unitajie majina yako matatu.” Wapo watakaonuna. Wanune.

Hoja nzito zaidi ni ya foleni: asubuhi wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, basi tyubu ziandikwe mapema zipangwe kwenye trei. Najua uchache wa watumishi, najua pia kwamba stika zinazochapwa na kompyuta zimepunguza makosa ya mwandiko. Bado hapo sipatani na mtu. Tyubu tupu yenye jina itapokea damu ya yeyote. Iandikwe damu ikishaingia, kabla ya kuondoka kitandani, na mgonjwa aonyeshwe asome. Wenzangu wanauita ukaidi. Na uwe ukaidi.

Ombi langu ni kwa watunzi wa mitihani ya vitendo: mwanafunzi aliyeupata mshipa kwa mchomo mmoja bila kumwacha mgonjwa ataje jina lake, mfelisheni.