Safari ya Kwanza Nairobi: Kuuliza si Ujinga

*Maneno haya yalisemwa na mweka hazina wa zamani wa kikundi kimoja cha akina mama wakulima, katika siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia huko Loitokitok. Tumeyapunguza kidogo ili yatoshe katika ukurasa.*

 

Nimeambiwa kwamba vikundi vitatu hapa vinapanga kwenda Nairobi mwezi ujao, na wengi wenu mtakuwa mnaenda mara ya kwanza. Mmeniuliza: Tukifika tuone nini? Tufanye nini? Nitajibu. Lakini kwanza niruhusuni niwaambie jinsi mimi mwenyewe nilivyoenda mara ya kwanza. Siku hiyo sikuona kitu, na nilichofanya kilikuwa aibu.

Yaliyonipata mwaka 1996

Mwaka 1996 kikundi chetu kilikuwa kimechanga shilingi 22,000. Tulichanga kwa miezi kumi na minne. Wengine waliuza mayai, wengine walivuna vitunguu katika mashamba ya watu. Pesa hizo zilikuwa za kununua injini ya kupiga maji. Mimi nilikuwa mweka hazina, basi nikatumwa. Nikafunga pesa kwenye leso, nikajifunga leso kiunoni, nikapanda basi alfajiri.

Niliposhuka tao sikujua duka liko upande gani. Nilikuwa na jina la barabara kwenye karatasi. Ningemwuliza askari, au yule mama aliyekuwa akiuza ndizi karibu nami. Lakini niliona haya. Nilijiambia, nikiuliza watajua mimi ni mshamba. Basi nikazunguka tu, na kila hatua kumi nashika kiuno kuona kama pesa ziko. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Mimi nilidhani sionekani, kumbe naonekana kutoka ng'ambo ya barabara! (Kicheko)

Akaja kijana msafi, mwenye adabu, akanisalimu, “Mama, habari ya safari?” Tukatembea pamoja. Mbele yetu mtu mmoja akaangusha kifurushi, akaendelea na njia. Kijana akakiokota, akanionyesha noti juu yake. Akasema, “Mama, hii ni bahati yetu. Twende kando tugawane.”

Hapa ndipo nataka mnisikie vizuri. Nilikubali kwenda. Sikulazimishwa. Tulipofika uchochoroni, mwenye kifurushi akarudi akilia, akitaka kutupekua. Kijana akaninong'oneza, “Mama, nipe pesa zako nizishike, asije akasema ni zake. Wewe shika kifurushi hiki.” Nikampa leso. Walipoondoka wote wawili nikafungua kifurushi. Ilikuwa noti moja, na chini yake magazeti yaliyokatwa.

Nyumbani sikusema hivyo. Nilisema nilishikwa na majambazi wenye visu. Watu walinililia. Wakanipikia chai. Halafu wakaanza kuchanga tena.

Safari ya pili walimtuma mama mwingine, kwa sababu mimi walinihurumia. Naye akarudi mikono mitupu. Ilikuwa ni kifurushi kile kile na machozi yale yale. Lakini yeye alisema ukweli siku ile ile, mbele ya kikundi chote. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikijua kwamba maneno yangu matano tu yangemwokoa. Nilisimama nikayasema, lakini nilikuwa nimechelewa. Wanachama tisa walitoka siku hiyo. Mimi nililipa deni langu kwa vitunguu vya misimu mitatu, na injini tukainunua mwaka 1999.

Ndugu zangu, mji haukunila kwa sababu mimi ni mtu wa kijijini. Nililiwa kwanza na haya ya kuuliza, halafu na tamaa, na mwisho na uongo. Ndiyo maana kila ninapoitwa nasema habari hii.

Kabla ya kuondoka

Kaeni kama kikundi mwandike sababu ya safari. Kama mnaenda kutembea tu, andikeni hivyo, si dhambi. Kama mnaenda kununua kitu, basi wanunuzi wawe wawili au watatu, na wengine wajue duka gani na bei gani.

Pesa za kikundi zisibebwe kiunoni. Tangu mwaka 2007 tuna M-Pesa, na kuna benki. Mlipeni mwenye duka baada ya kuona mali. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni ya simu. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa, usirudishe haraka haraka. Angalia kwanza salio lako.

Kila mtu abebe kitambulisho, kwa sababu askari wa majumba mengi watakiuliza mlangoni. Andika namba za simu kwenye karatasi pia. Simu ikizima au ikiibiwa, namba zote zimeenda nayo.

Beba sweta. Wazee wetu Wamaasai hapa wanajua jina Nairobi limetoka wapi: ni maji baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake si mchezo. Mizigo usitie kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, maana ilikatazwa nchini tangu Agosti 2017. Chukua kiondo.

Njiani na barabarani

Mnaweza kwenda kwa basi mpaka tao. Mnaweza pia kushuka Emali mpande treni ya Madaraka iliyoanza mwaka 2017, ile inayosimama katika vituo vya njiani. Lakini jueni kwamba treni hiyo inaishia Syokimau, si katikati ya mji. Kutoka hapo kuna treni nyingine ndogo ya kuwapeleka tao, au matatu.

Katika matatu, uliza nauli kabla hujaingia, maana mvua ikinyesha au jioni ikifika inapanda. Mwambie makanga mahali unaposhuka. Ukiwa dirishani usichezee simu, mkono wa mtu wa nje ni mrefu. Kuvuka barabara, fuata wenyeji na uvuke nao, na penye daraja la miguu lipande hata kama miguu inauma. Na ukitaka choo, uliza. Viko vya kulipia, ni pesa kidogo. Kuna mama mmoja wa kikundi chetu alivumilia kutoka saa tatu mpaka saa nane kwa sababu aliona haya! (Kicheko) Mnacheka, lakini alirudi mgonjwa.

Unapouliza njia, uliza mtu ambaye yuko kazini mahali pake: askari, mwenye duka, mama wa mboga. Yule anayekuja mwenyewe kukusaidia, mshukuru na uendelee na safari yako.

Mahali pa kuona

Mwaka jana tulienda watu kumi na wawili. Nitawaambia tulivyofanya, nanyi mchague.

Tulianza na Soko la Wakulima, ambalo watu huliita Marikiti. Tulifika kabla hapajapambazuka, maana kazi ya pale ni ya alfajiri. Tuliona nyanya za huku kwetu! Kreti moja ilikuwa karibu mara mbili ya bei tuliyolipwa shambani. Mama mmoja akasema, “Kumbe mabroka ni wezi!” Lakini tulikaa tukahesabu. Kuna mafuta ya lori, ushuru wa kaunti, vijana wa kushusha mizigo, na nyanya za chini zilizopondeka. Tulipotoa hayo yote, bado broka alikuwa na faida nzuri, lakini haikuwa kubwa vile tulivyofikiri. Tulichukua namba za wauzaji wawili. Siku hizi kabla ya kuvuna tunawapigia simu kuuliza bei, na broka akija tunaongea naye tukiwa tunajua. Hata kama hamtaona kitu kingine Nairobi, oneni mahali mazao yenu yanapouzwa.

Kutoka pale tulitembea mpaka Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji wote ulianzia hapo, kama kambi ya wajenzi wa reli. Kuna behewa moja pale ambalo simba aliingia usiku mwaka 1900, akamtoa afisa wa polisi aliyeitwa Ryall. Na hiyo haikutokea mbali. Ilikuwa Kima, pale tunapopita baada ya Sultan Hamud.

Karibu na hapo, Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, kuna bustani ya kumbukumbu ya bomu la Agosti 7, 1998. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na majina yameandikwa ukutani. Tulinyamaza. Mmoja wetu alikuwa na binamu yake ukutani pale, akaweka kidole juu ya jina.

Ukiifuata Moi Avenue utafika kwenye Nyaraka za Taifa. Ndani kuna vitu vya sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Nje kuna sanamu ya Tom Mboya, iliyowekwa mwaka 2011 karibu na mahali alipouawa mwaka 1969. Mbele zaidi, katika barabara yenye jina lake, kuna sanamu ya Dedan Kimathi.

Kuna pia Makumbusho ya Taifa, na huko lazima mwende na watoto. Utaona mifupa ya kijana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kipande cha kwanza kiliokotwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakwenda chuo kikuu, lakini macho yake yalijulikana duniani kote. Viingilio vya serikali siku hizi mara nyingi hulipwa kwa simu, na mwananchi mwenye kitambulisho hulipa kidogo kuliko mgeni.

Mahali pa mwisho ni Uhuru Park. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga pale jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akakataa, akatukanwa, na jumba halikujengwa. Mama huyu ndiye aliyeanzisha mwaka 1977 kazi ya kupanda miti na vikundi vya akina mama wa vijijini, vikundi kama hivi vyetu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Basi mkikanyaga nyasi zile msijione wageni. Zililindwa na mtu aliyefanya kazi na watu kama sisi.

Mkisharudi

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini kilichookotwa kikifichwa hakimsaidii mtu. Katika wiki ya kwanza mkutane, kila aliyeenda aseme mambo matatu: alichokiona, alichotumia, na mahali alipokosea. La tatu lisirukwe. Akisema alidanganywa, msimcheke. Mkimcheka leo, kesho mwingine atanyamaza kama mimi, na atakayeumia ni yule mtakayemtuma baadaye.

Yule mama wa safari ya pili bado ni mwanachama wetu. Mwaka jana ndiye aliyetuongoza Nairobi. Tulipopita karibu na uchochoro ule alinishika mkono, akasema, “Leo tunauliza njia.” Tukauliza, tukaonyeshwa.

Nawatakia safari njema. (Makofi)

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni mambo gani tunayaonea haya kuyauliza, mjini au hata hapa nyumbani?
2. Pesa za kikundi chetu zinabebwa namna gani mtu anapotumwa? Ni nani mwingine anayejua?
3. Mazao yetu yanauzwa soko gani, na ni nani kati yetu amewahi kufika huko?
4. Mwenzetu akipoteza mali ya kikundi, tutafanya nini ili aweze kusema ukweli?