Picha Iliyoanguka Juu ya Paa ni ya Nani?

Ndugu msikilizaji, kijana mmoja anayefunga madishi mtaani kwetu alinijia juzi na swali. Alikuwa amegeuza ungo wa mteja wake upande mwingine wa anga, akanasa kituo cha nchi ya mbali kisichodai kadi wala malipo ya mwezi. Kilikuwa kinaonyesha mpira. Mteja alifurahi, lakini jirani akasema huo ni wizi mtupu. Kijana akaniuliza: "Mzee, sikuvunja mlango wa mtu, sikughushi kadi. Picha imekuja yenyewe mpaka juu ya paa. Nimeiba nini?"

Sikumjibu palepale. Nimeona nimjibu leo mbele yenu, maana swali lake limekwisha kugombanisha watu wenye fedha nyingi kuliko yeye na mimi.

Kiini cha ugomvi ni hiki. Setilaiti ya televisheni hukaa angani kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Kutoka huko, mawimbi yake huangukia nchi nyingi kwa mara moja, hayaulizi pasipoti. Lakini mpira na sinema huuzwa nchi kwa nchi. Mwenye mali humwuzia Mjerumani, kisha humwuzia Mhispania mali ileile kwa bei nyingine. Kituo cha Ujerumani kikirusha bila kufunga, Mhispania mwenye ungo anatazama bure, na yule aliyenunua haki za Hispania analia kwamba duka lake limeingiliwa.

Hayo yalitokea mwaka 2002, wakati wa Kombe la Dunia la Korea na Japani. Vituo vya umma vya Ujerumani, ARD na ZDF, vilikuwa vimenunua haki za kuonyesha mechi kwao. Malalamiko yakatoka Hispania, na mwisho wake vituo hivyo vikazuiwa kurusha mechi kwa njia ya setilaiti ya dijitali. Waliokuwa na mitambo ya zamani ya analojia waliendelea kutazama. Mjerumani aliyekwenda na wakati, akanunua king'amuzi kipya, ndiye aliyenyimwa mpira aliokuwa ameulipia kwa ada yake ya televisheni. Hilo halikuwa kosa lake hata chembe.

Mwaka uliofuata, 2003, ikawa zamu ya Uingereza. Kwa miaka kadhaa BBC ilikuwa ikifunga matangazo yake ya setilaiti kwa mtambo wa kampuni ya Sky, ili wauza sinema na michezo waridhike kwamba hayatoki nje ya nchi. Huduma hiyo haikuwa ya bure. Mwezi Machi BBC ikatangaza kwamba mkataba ule hauendelezi: itarusha wazi, na kwa kufanya hivyo itaokoa pauni milioni 85 katika miaka mitano. Sky haikufurahi. Ukazuka ubishi mwingine juu ya nafasi za BBC katika orodha ya vituo kwenye ving'amuzi vya Sky, hadi pande mbili zikapatana mwezi Juni.

Je, BBC iliwajibu nini wenye haki? Iliwaonyesha setilaiti. Ilihamishia matangazo yake kwenye Astra 2D, iliyorushwa angani Desemba 2000, ambayo mwanga wake umebanwa uelekee zaidi visiwa vya Uingereza na Ireland. Badala ya kufuli, wakatumia tochi yenye mwanga mwembamba. Mwanga huo bado ulivuja. Waingereza waliohamia pwani ya Hispania walinunua madungu makubwa wakaendelea kutazama vipindi vya kwao, hadi Februari 2014 matangazo yalipohamia setilaiti mpya yenye mwanga mwembamba zaidi na wengi wao wakabaki gizani.

Msikilizaji, usidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Kenya nayo ilikuwa na kesi yake, ingawa hiyo ilihusu minara ya ardhini na si setilaiti. Makampuni ya Royal Media, Nation na Standard yalilalamika kwamba StarTimes na GOtv wanabeba vituo vyao vya bure ndani ya ving'amuzi vya kulipia bila ridhaa yao. Mahakama ya Rufani iliwapa haki Machi 2014; Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo tarehe 29 Septemba mwaka huohuo. Februari 2015, ugomvi wa kuhamia dijitali ulipofika kileleni, Citizen, NTV, KTN na QTV vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Aliyekaa mbele ya kioo cheusi ni mwananchi.

Sasa nimjibu kijana wangu. Kwa maoni yangu, wewe hukuiba. Kituo kilichorushwa wazi ni kama redio hii unayoisikiliza: aliyerusha alijua kwamba yeyote mwenye chombo atapokea. Kama aliuza au alinunua mpaka asioweza kuulinda, hayo ni kati yake na aliyeandikiana naye mkataba. Ila ukiichukua picha hiyo ukaipeleka kwenye kibanda umiza na kukata tiketi mlangoni, hapo si mtazamaji tena, umekuwa mfanyabiashara wa mali ya mwingine. Wala jirani yako hakukosea kuuliza. Mpira una gharama, na asipokuwapo wa kulipa, kamera hazitakwenda uwanjani.

Lakini liko jambo moja ambalo wakubwa hupenda kulisahau. Kituo cha umma kimekwisha kulipiwa na wananchi, kwa ada au kwa kodi. Kumwekea mwananchi kufuli mlangoni, kisha kumlipa mtu mwingine kwa fedha zake ili aishike funguo, ni kumtoza mara mbili. BBC ililiona hilo mwaka 2003 ikalivunja kufuli. Wanaogawana anga na wagawane, lakini wamwachie mwenye nyumba dirisha moja lililo wazi.

Hadi juma lijalo, nakutakieni usiku mwema.